Mgonjwa wa Nyumba ya Mwalimu

"Nani mgonjwa humu?" Bibi Perpetua aliuliza kabla hata hajaketi.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitenge cha safari bado kiko mabegani, macho yake yameganda kwenye chupa ya dripu iliyoning'inizwa kwenye msumari juu ya dirisha. Mrija ulishuka sambamba na ukuta, ukapita juu ya ndoo ya maji, ukaishia mapajani mwa mkwewe Yusta. Hapo, juu ya taulo kuukuu, alikuwa amelala paka wa kijivu, mkubwa wa mifupa na mdogo wa nyama, amefumba macho.

"Shikamoo mama," Yusta alisema. Hakuweza kusimama. Mkono mmoja ulikuwa umeinua ngozi ya mgongo wa paka, mwingine umeshikilia sindano isichomoke.

"Nimeuliza nani mgonjwa."

"Ni Karani, mama. Figo zake zimechoka."

"Karani ndiye nani?"

Nyuma ya bibi alichungulia Happiness, binti yake wa mwisho, aliyemsindikiza kutoka milimani. Alitazama, akaelewa, akajishika mdomo. "Paka, mama! Karani ndiye huyo paka!"

Bibi Perpetua hakuitikia ile shikamoo. Aliiacha ikaelea jikoni kama moshi, akageuka, akaenda kukaa sebuleni na viatu vyake miguuni. Alikuja mjini Kilosa kutibiwa macho, angekaa kwa mwanawe mpaka daktari amruhusu. Yusta alikuwa amekwisha kumtandikia kitanda, amemchemshia maji ya kuoga, na amechinja kuku mmoja katika kuku wake wa mayai, tena yule aliyekuwa bado anataga vizuri. Sasa alikaa palepale chini akisikiliza sauti ikitoka sebuleni, ya chini, ya mtu anayetaka asikike.

"Nimezaa mwalimu. Nimekuja kwake kumkuta mke wake anamtundikia paka dripu. Sijui niende kumwambia nani."

Matone yaliendelea kushuka. Yusta alitamani kuinuka na kwenda kujibu, lakini chupa ilikuwa haijafika nusu.

*

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Karani, ambaye tangu enzi walipoishi kwenye mahema baada ya mafuriko alikuwa akilamba maji kidogo na kwenda zake, alianza kukaa mbele ya bakuli kama mtu aliyetoka shamba. Akimaliza lake huenda kwenye maji ya kuku. Akitoka hapo huenda kukojoa, tena kojo la mbuzi, si la paka. Kisha nyama ikaanza kumwisha mgongoni, manyoya yakasimama, na akipiga miayo mdomo wake unanuka mkojo. Panya wa stoo ya pumba walipita mbele yake mchana, yeye akiwaangalia tu.

Yusta alimpeleka kwanza kwenye duka la dawa za mifugo, lile alikonunulia chanjo za kuku wake miaka yote. Mwenye duka alimtazama paka ndani ya kikapu, akawatazama wateja waliokuwa wamesimama, akasema kwa sauti ya kuchekesha watu, "Mama, huyo haumwi, huyo kazeeka. Mtie kwenye kiroba ukamtupe. Paka wanazaliwa kila siku. Au nyumbani huna kingine cha kulea?"

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama wanavyocheka watu wanaposubiri zamu. Lakini mmoja wao alikuwa anamjua Yusta, na huyo aliinamisha kichwa, na kule kuinamisha kichwa ndiko kulikomuuma Yusta kuliko kicheko. Alifunika kikapu na kutoka.

Wiki hiyohiyo alipanda gari la Mikumi, akapita kijiji cha Ulaya na vumbi lake, mpaka kwa daktari wa mifugo kijana aitwaye Lupakisyo. Kijana huyo aliwahi kufika shuleni kwa mume wake kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, na aliacha namba yake ya simu. Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi. Alimwamkia Yusta, akauliza jina la mgonjwa, akalisema mara mbili huku akimpapasa tumbo. Alichukua damu, akaituma Morogoro kupimwa, na majibu yalipotoka alimpigia simu mwenyewe.

"Mama, sitakudanganya. Figo zikishachakaa hazirudi. Hatumponyi. Tunamsaidia asiteseke: maji ya dripu chini ya ngozi, siku moja unampa, moja unamwacha, nitakufundisha. Ute wa yai lililochemshwa, kuku kidogo, supu isiyo na chumvi. Dagaa basi. Anaweza kwenda miezi, anaweza kwenda mwaka. Siku ukiona amekataa kila kitu, nipigie, nitakuja tumlaze apumzike."

"Watu watanicheka, daktari."

"Watacheka," Lupakisyo alisema. "Lakini yeye atakuwa ameshiba."

Basi Yusta alijifunza. Mara ya kwanza alijichoma kidole chake mwenyewe. Mara ya tatu Karani alilala usingizi sindano ikiwa mgongoni, na Yusta akajikuta anatabasamu peke yake jikoni.

*

Jioni ya siku ile ya wageni, Mwalimu Amon alirudi kutoka shuleni kwake Mvumi, akaegesha pikipiki, akamwamkia mama yake kwa kuinama, akakaa. Ugali uliletwa, na yule kuku.

"Mama Karani," Happiness aliita, "niongezee mchuzi."

Yusta alisimama na bakuli mkononi. Mtaani kwao kila mwanamke aliitwa kwa jina la mwanawe. Yeye aliitwa mke wa mwalimu, au Yusta tu, na jirani yake Joha alimwita da Yusta. Jina hili jipya lilitua mezani, na hakuna aliyelikataa. Amon alikuwa anachagua mfupa.

"Amon," Bibi Perpetua alisema, "kuku huyu ana chumvi?"

"Ana chumvi, mama."

"Maana nimemwona mkeo akitenga nyama nyingine pembeni, isiyo na chumvi. Nikasema labda ni yangu mimi mwenye presha. Kumbe ni ya paka."

"Mama nimekutengea na wewe," Yusta alisema. "Hiyo ya kwako iko kwenye kibakuli cha bluu."

"Sufuria moja na paka?"

Kisha bibi na bintiye walihama wakaingia Kikaguru. Walifanya hivyo kila walipokutana, tangu Yusta aletwe katika ukoo huu kutoka Ruhembe, binti wa Kividunda asiyejua hata kusalimia kwa lugha yao. Hawakuwahi kujiuliza kama amejifunza. Alikuwa amejifunza zamani. Alisikia bibi akisema kwamba mti usiozaa hukatwa, lakini mwanaye amekuwa mwoga wa shoka. Alisikia Happiness akisema yuko mwalimu mwenzake Amon, mjane, ana watoto wawili, maana yake huyo kizazi chake kinajulikana. Alisikia, akakusanya vyombo, akavipeleka nje kuviosha, na sahani moja ikavunjika mikononi mwake bila kuidondosha.

Chumbani alimsubiri mumewe avue saa.

"Umewasikia."

"Mama ni mtu mzima, Yusta. Amekuja kutibiwa, ataondoka."

"Nakuuliza kama umewasikia."

"Nimewasikia."

"Kwa nini husemi?"

Amon alikaa kitandani. Alikuwa mwanaume mpole, shuleni watoto walimpenda, hakuwahi kumnyanyulia mkewe mkono wala sauti, na wanawake wa mtaani walimwambia Yusta mara nyingi kwamba amebahatika. Upole huo ndio uliokuwa unamla Yusta mwaka hadi mwaka. Ukweli wao waliupata Morogoro wakiwa bado vijana, mbele ya daktari aliyewakalisha wote wawili na kueleza bila kuzunguka: mama hana tatizo lolote, mbegu za baba hazipo. Amon alilia wakiwa kwenye benchi nje ya hospitali, akamshika Yusta mkono, akasema, "Usimwambie mtu." Na Yusta, kwa kuwa alimpenda, kwa kuwa alidhani ni jambo la wiki chache mpaka machozi yakauke, alisema hatamwambia mtu.

Hakumwambia mtu. Alikunywa mizizi iliyoletwa na mawifi. Alilazwa chali na wakunga wa kila dhehebu. Alichangia kanga kwenye kila sherehe ya mtoto mtaani na kurudi nyumbani kumpikia mwanaume anayejua.

"Mama ana presha," Amon alisema. "Nikimwambia sasa, itamuua."

"Na mimi nina nini, Amon?"

Amon alizima taa.

*

Siku chache baadaye Bibi Perpetua aliwaalika akina mama wa maombi. Hakumwuliza mwenye nyumba. Yusta alitoka bandani na trei la mayai akakuta sebule imejaa vitenge, na kiongozi wao, Mama Kelvin, amekwisha fungua Biblia.

"Karibu mke wa mwalimu, kaa hapa katikati," Mama Kelvin alisema kwa upole mwingi. "Mama yetu ametueleza. Tumekuja kubeba mzigo pamoja nawe."

"Mzigo gani?"

"Mpendwa, usifanye moyo mgumu. Nyumba inapokuwa na kitu kinacholelewa mahali pa mtoto, mtoto atapitia wapi? Kile kitu kimekalia nafasi." Aligeuka akanyooshea jikoni kidole. "Na ile chupa pale iondolewe kwanza, haiwezekani tuombe huku imening'inia kama kitanzi."

Happiness aliinuka haraka, kana kwamba alikuwa anasubiri kuambiwa. Yusta alisikia nyundo ikigonga, msumari ukilia kwenye ukuta, kisha mlango wa nyuma. Alitaka kwenda, lakini mikono ilikuwa imeshamkalisha. Ilikuwa mikono ya joto, ya wanawake aliowapelekea mayai wakiwa uzazini. Mmoja alimshika kichwa, mwingine mabega, na Mama Kelvin akaweka kiganja juu ya tumbo lake, chini ya kitovu, akabonyeza kama mtu anayepima embe.

"Fungua tumbo hili, Bwana!"

"Fungua!"

"Vunja laana ya dada huyu!"

"Vunja!"

Yusta alitazama kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake, chenye ua jekundu lililofutika nusu. Hakulia. Alikuwa akifikiri kwamba kama angefungua mdomo sasa hivi, kwa sentensi moja tu, mikono hii yote ingeondoka tumboni mwake kama imeungua. Sentensi aliijua kwa moyo. Lakini ilikuwa ya Amon, aliitunza kwa ajili yake, naye Amon alikuwa Mvumi anafundisha aina za maneno.

Walipoimba wimbo wa mwisho na kunywa chai na kumkumbatia mmoja mmoja, aliingia jikoni. Taulo lilikuwa chini. Ukutani palikuwa na tundu na plasta iliyomeguka. Chupa ya dripu aliikuta kwenye shimo la taka. Karani hakuwepo chini ya meza, hakuwepo stoo, hakuwepo bandani.

"Happiness, paka yuko wapi?"

"Mimi ni mchungaji wa paka?"

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Ametoka," Bibi Perpetua alijibu kutoka sebuleni. "Paka akizeeka hutoka mwenyewe akafie mbali. Ana akili kuliko watu."

Joha ndiye aliyemwambia. Alikuwa amesimama upande wa pili wa ua wa makuti, anatwanga, na alingoja mpaka Yusta akaribie. "Da Yusta, mimi si wa kuingia mambo ya nyumba ya mtu. Lakini wifi yako ametoka nyuma na kiroba, kampa Kondo wa bodaboda. Na kile kiroba kilikuwa kinalia."

*

Kondo alikuwa kijiweni amekaa juu ya pikipiki yake, anacheka na wenzake. Alipomwona Yusta anavuka barabara bila viatu, aliacha kucheka.

"Umempeleka wapi?"

"Dada, niliambiwa ni takataka."

"Takataka inalia?"

Kondo alijikuna shingo. "Ilianza kulia njiani. Nikasema moyoni, nikirudi naye nitaonekana mimi ndiye mgomvi. Nimemwacha Kimamba, kwenye mkonge. Lakini nilifungua kiroba, dada, wallahi nilikifungua."

"Nipeleke."

Wenzake walianza kupiga miluzi. "Kondo, umepata abiria wa paka!" Kondo aliwatukana, akawasha pikipiki.

Njiani Yusta alimpigia mumewe. Alipaza sauti kwa ajili ya upepo.

"Amon, wamemtupa Karani!"

"Niko kipindini, Yusta."

"Wamemtia kwenye kiroba wakamtupa!"

Alisikia akitoka darasani, kelele za watoto zikibaki nyuma ya mlango. "Labda imekuwa heri," Amon alisema. "Alikuwa anateseka. Na wewe ulikuwa unateseka. Mama hawezi kuwa amefanya kwa ubaya."

Kitu katika sauti yake, jinsi ilivyokuwa haina mshangao, kilimfanya Yusta aishike simu kwa mikono miwili.

"Ulijua?"

"Happiness aliniuliza asubuhi. Sikusema ndiyo."

"Ulisema nini?"

"Yusta, niko kazini."

"Ulisema nini, Amon?"

"Sikusema kitu."

Yusta alikata simu. Pikipiki ilikuwa imeingia kati ya mashamba ya zamani, mkonge uliosimama ovyo bila mtu wa kuukata, miiba yake imeelekea kila upande. Kondo alisimamisha alipoona kiroba chake. Kilikuwa kitupu. Walitembea huku na huku wakiita, Kondo naye akiita, "Karani! Karani!" kwa aibu mwanzoni, kisha kwa sauti kubwa. Mkonge uliwachana miguu. Hapakuwa na kitu.

Ndipo Yusta alipoacha kuita na kufikiri. Paka mzima angekimbilia kivulini. Huyu hakuwa mzima. Huyu figo zake zilikuwa zinamkausha kila saa, na dripu yake ya leo hajaipata.

"Kondo, maji ya karibu yako wapi?"

"Mto uko mbali. Labda kwenye ile kambi ya zamani ya manamba, wale vibarua wa mkonge, kuna bomba linavuja."

Walimkuta hapo. Bomba lilikuwa limetengeneza dimbwi dogo la matope, na mama mmoja alikuwa anafua nguo juu ya jiwe. Karani alikuwa amelala ukingoni, kidevu ndani ya maji, sikio moja limechanika, anakunywa, anapumzika, anakunywa.

"Huyu wa kwako?" mama yule aliuliza. "Kaja anatambaa kwa tumbo. Mbwa walitaka kumchukua nikawatupia mawe. Nikasema, kiumbe anayetafuta maji hivi, muache kwanza anywe."

Yusta alipiga magoti kwenye matope. Alimbana ngozi ya mgongo na kuiachia. Ngozi ilibaki imesimama hivyohivyo, haikurudi. Alimfunga kwenye kanga yake, kifuani, kama wanavyofungwa watoto, na safari hii hakujali nani anatazama.

*

Jua lilikuwa bado liko juu ya milima alipoingia nyumbani. Pikipiki ya Amon ilikuwa uani, amerudi mapema. Wote watatu walikuwa sebuleni. Happiness aliiona kanga, akaona sikio lililotoka damu, akasema, "Yesu wangu, amemrudisha."

Yusta hakumtazama. Alisimama mbele ya mumewe, matope hadi magotini, miguu imechanwa na mkonge.

"Leo nimeshikwa tumbo na wanawake saba katika nyumba hii, Amon. Mama yako kawaita. Wameomba lifunguliwe. Waambie hawa tumbo langu lina nini."

"Yusta, tuongee chumbani."

"Chumbani tumeongea mpaka tumezeeka. Sema hapa."

"Kaka, usikubali kuamrishwa," Happiness alisema.

"Wewe nyamaza!" Yusta alimgeukia kwa Kikaguru, Kikaguru kilichonyooka, cha milimani kabisa. "Mti usiozaa, shoka, mjane mwenye watoto wawili, yote nimeyasikia. Miaka yote nawasikia. Sasa mnisikie mimi. Amon, sema, au naenda kusema mimi, na nitaanzia kwa mwalimu mkuu wako."

Amon alitazama mikono yake. Kilio kidogo kilitoka ndani ya kanga, cha mnyama, kikanyamaza.

"Siyo yeye," alisema hatimaye. "Ni mimi. Tulipimwa zamani, Morogoro. Yusta hana tatizo. Mimi ndiye siwezi kuzaa."

"Kaka!" Happiness aliruka kusimama. "Kaka, unasema nini? Mama, unasikia anachosema?"

Yusta alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alikuwa amejiandaa kwa presha kupanda, kwa kuanguka, kwa mayowe, kwa kuitwa mwongo. Alimtazama mkwewe akisubiri. Bibi Perpetua alikuwa anatazama mkeka. Hakuuliza kitu. Hakushangaa hata kidogo. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya kitenge.

Yusta alimsogelea hatua moja.

"Mama," alisema polepole, "wewe ulikuwa unajua."

"Mambo ya zamani hayo."

"Ulikuwa unajua."

"Alikuwa kidato cha pili," bibi alisema, bila kuinua uso. "Alirudi likizo akaugua matubwitubwi, mashavu yamevimba, kisha yakamshukia chini. Nilimbeba mpaka hospitali ya misheni. Daktari akaniambia, mama, huyu anaweza asipate mtoto. Nikamwambia asimwambie mtu, hata mtoto mwenyewe."

Amon aliinua kichwa. "Mama."

"Ulikuwa mdogo! Ungeishije na maneno hayo? Mwanaume asiyezaa huku kwetu ni nani?"

"Ukaja Ruhembe kuniposa," Yusta alisema. "Ulikaa kwenye mkeka wa mama yangu. Ulikula kuku wake. Huku unajua."

"Nilimwomba Mungu. Daktari si Mungu."

"Uliponiletea ile mizizi nikaharisha wiki nzima, ulikuwa unajua. Uliponisema mbele ya watu kwenye msiba wa baba, unajua. Leo unaita watu wanibonyeze tumbo, unajua!"

"Nilikuwa namlinda mwanangu!" Bibi Perpetua alipiga kelele kwa mara ya kwanza. "Mama gani halindi mwanawe?"

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mtoto wa watu."

Happiness alirudi kukaa, taratibu, kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine. Bibi mwenyewe alionekana kusikia alichokisema baada ya kuwa kimeshatoka.

Yusta alitingisha kichwa mara kadhaa. Hakupiga kelele tena. "Amon, vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Utaenda peke yako. Nenda kwa Mama Kelvin, umwambie uliyosema hapa. Ukitoka hapo upite kwa wenzake, wote saba, mlango kwa mlango. Waambie mikono yao waliiweka kwenye tumbo lisilohusika."

"Yusta, mimi ni mwalimu wa watoto wao."

"Basi wafundishe."

Amon aliwatazama mama yake, dada yake, mkewe. Hakuna aliyemsaidia. Aliinama, akavaa viatu, akafunga kamba vibaya, akafungua na kufunga tena. Walimsikia akipita uani, akisimama kidogo penye pikipiki, kisha akiiacha na kwenda kwa miguu. Mlango wa ua wa Mama Kelvin ulikuwa wa mabati, na ulipogongwa mtaa mzima ulisikia.

"Happiness, kachemshe maji," Yusta alisema, na Happiness akaenda.

Alifungua kabati akatoa chupa mpya na mrija mpya. Aliketi chini jikoni, akamfungua Karani kutoka kwenye kanga, akamfuta matope mdomoni na kwenye sikio. Paka alikuwa anatetemeka, lakini alipomsikia akifungua karatasi ya sindano alijinyoosha mwenyewe kwenye mapaja yake, kama mgonjwa anayeujua utaratibu. Yusta aliinua macho ukutani. Pale palipokuwa na msumari palikuwa na tundu tu.

"Mama," aliita.

Bibi Perpetua alitokea mlangoni. Bila kitenge begani alionekana mdogo, na macho yake yaliyomleta mjini yalikuwa yanatoa maji, ya ugonjwa au ya jambo jingine. Yusta hakutaka kujua ni lipi.

"Msumari mmeung'oa. Chupa haiwezi kukaa chini, maji hayatashuka. Shika."

"Mimi?"

"Inua juu. Juu zaidi. Hapo."

Mwanamke mzee aliishika chupa kwa mkono wa kulia, ameunyoosha juu ya kichwa cha mkwewe. Yusta aliinua ngozi ya mgongo, akaingiza sindano, akafungua kibano cha mrija. Maji yalianza kushuka, tone baada ya tone, na chini ya manyoya ya kijivu nundu ndogo ya maji ikaanza kuvimba. Karani alifumba macho. Kutoka mtaani ilisikika sauti ya Amon, ya chini, isiyoeleweka, kisha sauti ya Mama Kelvin ikisema, "Ati?"

Chupa ilikaribia nusu. Kiwiko cha bibi kilianza kushuka, na chupa nayo ikashuka.

"Mkono umechoka," alisema.

Yusta hakuinua uso kutoka kwa paka.

"Badilisha mkono."